Orodha ya Geti la Nyuma

Siku Tumsifu Kalinga alipoanza kutokuwepo ilikuwa Jumanne, na siku hiyohiyo shule yake ilipata alama mia kwa mia katika utulivu wa nafsi.

Mambo haya mawili hayakuonekana kuhusiana. Katika Jamhuri ya Shwarini mambo mengi hutokea siku moja na mahali pamoja, na ni desturi ya watu wa huko kutoyatambulisha moja kwa jingine.

Saa mbili kasorobo asubuhi wanafunzi kumi na mmoja walitoka Shule ya Sekondari Tegemeo la Pili kwa geti la nyuma. Saa kumi jioni walirudi kumi. Wakati wa kutoka walihesabiwa na mzee Chitemo, mlinzi, ambaye huhesabu kila kinachopita mbele yake, wakiwemo kuku. Wakati wa kurudi hakuwepo wa kuwahesabu. Mzee Chitemo naye alikuwa ameitwa uwanjani kushangilia.

Mwalimu Paskazia Ndimbo alikuwa anashangilia pia. Alikuwa mwalimu wa jiografia na, tangu mwaka uliotangulia, mwalimu wa ushauri nasaha, kwa hiyo ushindi ule uliitwa wake. Walimsukuma mbele. Akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Hadi leo, akiikumbuka siku ile, kinachomjia kwanza si sura ya mtu wala sauti. Ni ule muwasho wa viganja.

*

Inafaa msomaji aelezwe Shwarini walifikaje kwenye kupima nafsi za watoto.

Mheshimiwa Mkuu wa Nchi alikwenda shule moja kufungua choo. Kabla ya kukata utepe alimshika mwanafunzi begani, akamuuliza mbele ya kamera, "Hujambo?" Mwanafunzi akaanza kulia. Hakulia kidogo. Alilia dakika sita, na choo kikafunguliwa huku analia. Jambo hilo halikuwemo kwenye ratiba.

Wiki iliyofuata ikaundwa Wizara ya Elimu na Utulivu wa Nafsi, na chini yake Mpango wa Taifa wa Nafsi Tulivu. Kila shule ikapelekewa kochi moja la watu wawili, picha kubwa ya mtoto anayecheka ambaye hakuna aliyemfahamu, na jalada gumu la kijani. Kila shule ikaamriwa kuteua mwalimu wa ushauri nasaha, na walioteuliwa wakapewa semina ya siku tano, iliyofanyika kwa saa tatu, moja ikiwa ya chai.

Tegemeo la Pili walimteua Paskazia kwa sababu mbili. Ana sauti ya chini, na siku ya uteuzi alichelewa kuingia kikaoni.

Kochi liliwekwa katika chumba kilichopakwa rangi upya, kikaandikwa mlangoni CHUMBA CHA UTULIVU, kikafungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikaa kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Ambakisye Mwasoni, mtu msafi sana.

"Mkuu, naomba ufunguo," Paskazia alimwambia siku ya kwanza. "Kuna mwanafunzi anataka kuzungumza."

"Azungumze tu, Mwalimu. Amekatazwa?"

"Ndani ya chumba, Mkuu."

"Akae juu ya kochi?" Mkuu alishtuka kweli. "Bado lina nailoni, Mwalimu! Watoto hawa wakishalikalia, siku ya tathmini watathmini wataona nini?"

Kwa hiyo Paskazia akafanyia ushauri wake kwenye stoo ya michezo, palipokuwa na magodoro mawili ya kurukia, mipira isiyo na upepo, na wavu wa voliboli uliochanika katikati. Palinuka vumbi na ngozi. Watoto walipapenda, kwa sababu hapakuwa na picha ya yule anayecheka.

*

Tumsifu Kalinga alikuwa Kidato cha Tatu, msichana mrefu mwenye mkono mzuri wa kuchora ramani. Alichora mito ya Shwarini bila kuangalia kitabu. Mwezi wa kwanza dada yake mkubwa, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa wakati mama yao akishinda kwenye cherehani, aliugua siku nne akafariki. Tumsifu alirudi shuleni baada ya matanga, akakaa kwenye dawati lake, na ramani zake zikaanza kukosa mito.

Paskazia aliliona hilo kwenye kusahihisha. Akamwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: *Maji yameenda wapi? Njoo stoo, Jumanne saa saba.*

Alikuja. Alikaa kwenye godoro, akatazama miguu yake muda mrefu.

"Madamu, nikiamka naviona viatu," alisema. "Nasema, vya nini sasa?"

Kwenye semina walifundishwa kwamba mwanafunzi akishasema jambo la namna hiyo, mshauri aseme "Nakuelewa" kila baada ya dakika tatu, kisha ajaze Fomu Namba Nne. Paskazia alisema "Nakuelewa" mara moja, akasikia jinsi lilivyotoka, akaona haya. Akachukua wavu wa voliboli na sindano ya kushonea magunia.

"Nishikie huku," alimwambia.

Wakashona. Ndiyo ushauri wote uliokuwepo. Mmoja ameshika, mwingine anafunga fundo, na katikati ya mafundo maneno yanatoka. Jumanne ya pili Tumsifu alieleza jinsi dada yake alivyokuwa akimsuka, na jinsi alivyokuwa akimfinya sikio akitikisika. Jumanne ya tatu alinyamaza muda wote, na haikuwa vibaya. Jumanne ya nne alicheka. Alicheka kwa sababu Mwalimu Zefania wa baiolojia alipita nje akijiimbia wimbo wa kwaya kwa sauti ya kike, akidhani hakuna mtu.

Hakukuwa na fomu ya kucheka, kwa hiyo Wizara haikujua.

Na si Tumsifu peke yake. Walikuwa kumi na mmoja waliokuja stoo, kila mmoja na siku yake na saa yake. Paskazia hakuandika mambo yao popote. Aliyashika kichwani, kama alivyoshika miji mikuu.

*

Barua ya tathmini ilifika Alhamisi. Watathmini wangekuja Jumanne.

Mkuu wa Shule aliita kikao, akasimama, akavuta koti chini kwa mikono miwili, ishara kwamba hotuba haitakuwa fupi.

"Ndugu walimu. Taifa linatutazama. Si kwa macho haya ya kawaida, la. Linatutazama kwa macho ya ndani. Mwaka jana shule jirani ilipata alama arobaini, kwa nini? Kwa sababu ya mtoto mmoja! Mmoja tu! Aliulizwa, una huzuni? Akajibu, ndiyo. Hivi, ndugu walimu, mtoto wa watu anatoka kwao asubuhi, amekula, amevaa, anakuja kujibu *ndiyo*?"

Walimu wakatikisa vichwa kumsikitikia mtoto huyo.

"Sasa," Mkuu akafungua kitabu cha mwongozo, "nimesoma hiki kitabu usiku na mchana. Kifungu cha tisa. Sikilizeni. *Mwanafunzi asiyekuwepo siku ya tathmini atahesabiwa kuwa hana tatizo lililoonekana.*" Akafunga kitabu taratibu. "Nadhani mmeelewa."

"Mkuu," Mwalimu Zefania aliinua mkono, "na sisi walimu tutapimwa? Maana mimi, kwa kile Kidato cha Pili B, nitakuwa wa kwanza kutoka."

"Mwalimu Zefania, huzuni ya mwalimu si kiashiria."

"Ahsante, Mkuu. Nimefarijika."

Wakacheka. Paskazia alicheka nao. Hakujua bado kwamba kicheko kile kilikuwa kinamzunguka.

Baada ya kikao Mkuu alimwita ofisini. Akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu.

"Niandikie wale wenye mambo."

"Mambo gani, Mkuu?"

"Aa, Mwalimu Paskazia. Mimi na wewe tusifichane. Wale wa stoo."

Alisema hawezi. Alisema watoto walimwambia mambo yao kwa kumwamini. Mkuu alimsikiliza vizuri mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu.

"Mwalimu, ni siku moja. Wanakwenda kuona kitalu cha miche, wanarudi. Wala hawatajua. Lakini tukianguka, mpango unafungwa hapa. Unasikia? Unafungwa. Hata stoo utakuwa huna ruhusa. Hao watoto utawasaidiaje?"

Hapo ndipo alipomshika. Paskazia alichukua kalamu ili aokoe Jumanne zake. Ameshayarudia maneno haya mara nyingi sana mwenyewe, na kila mara yanasikika ya kweli, na kila mara hayamsaidii.

Aliandika majina kumi. Alisita. Akaandika la kumi na moja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mwalimu wa ramani, herufi zimesimama wima na mkia mdogo kwenye kila *T*. Juu ya orodha Mkuu akamwambia aandike kichwa cha habari: ZIARA YA MAFUNZO.

*

Jumanne asubuhi kumi na mmoja walipangwa mstari kwenye geti la nyuma. Hakukuwa na mwalimu wa kwenda nao, kwa kuwa walimu wote walihitajika kwa ajili ya kutabasamu. Alichaguliwa mmoja wao, Editha wa Kidato cha Nne, awe kiongozi.

Mzee Chitemo alikuwa anaita majina kutoka kwenye karatasi, akiweka alama. Paskazia alikuja mbio kuwapa chupa za maji. Tumsifu alikuwa wa mwisho.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Chukua maji."

"Madamu, leo ni Jumanne."

"Najua, mwanangu. Leo tuna wageni. Njoo kesho."

"Kesho si siku ya Agnela?"

"Basi Jumanne ijayo. Jumanne ijayo tutamaliza ule wavu."

Tumsifu alikuwa anaitazama karatasi mkononi mwa mzee Chitemo. Aliyasoma majina yaliyotangulia lake, polepole, kama mtu anayefuata mto kwenye ramani. Aliwajua wote. Wote waliwahi kupishana kwenye mlango wa stoo. Kisha akautazama mkia wa herufi ya kwanza ya jina lake, aliouona kila wiki pembezoni mwa daftari kwa wino mwekundu.

Akainua macho. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira, Paskazia angeweza kuikumbuka bila kuinamisha kichwa.

"Sawa, Madamu," alisema, akatoka.

"Kumi na mmoja," alisema mzee Chitemo, akafunga geti.

*

Mtathmini Mkuu, Dokta Ponsiano Kirumbi, alifika saa tatu na wasaidizi watatu, rula ya mbao, na mizani ya jikoni iliyoazimwa njiani. Kwanza walipima jalada la kijani. Kiwango cha kufaulu kilikuwa kilo nne. Jalada la Tegemeo la Pili lilikuwa na kilo nne na robo, kwa kuwa Mkuu alikuwa ameongezea mtaala wa zamani wa kilimo.

"Hii ni kazi," Dokta Kirumbi alisema, akilinyanyua tena kwa mkono ili aamini. "Hapa nafsi imeshughulikiwa."

Wakagawa dodoso. Lilikuwa na swali moja: *Una huzuni?* Majibu ya kuchagua yalikuwa matatu: *Hapana*, *Hapana kabisa*, na *Sijaelewa swali*. Waliochagua la tatu walirudishiwa karatasi, wakaelezwa swali mpaka wakaelewa.

Kisha wakapima tabasamu kwa rula. Kila mwanafunzi alisimama, akatabasamu, msaidizi akapeleka rula mdomoni, akataja sentimita kwa sauti. Sita zilitosha. Mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mwenye mdomo mpana wa kuzaliwa, alipata tisa na nusu bila kufanya lolote, akapigiwa makofi.

Kilichobaki kilikuwa mahojiano na mshauri. Walimkalisha Paskazia kwenye kochi la Chumba cha Utulivu, na siku hiyo ndipo alipolikalia kwa mara ya kwanza. Nailoni ikalia chini yake.

"Mwalimu," Dokta Kirumbi alisema, kalamu tayari, "katika wanafunzi waliopo, yupo mwenye huzuni?"

Paskazia alitazama dirishani. Lilikuwa linaelekea geti la nyuma.

"Katika waliopo," alisema, "hayupo."

"Safi sana," alisema Dokta, akaweka alama.

Uwanjani hotuba ilichukua saa nzima. Dokta Kirumbi alisema amezunguka nchi nzima na hajaona shule ambayo watoto wake hawakosi chochote kama hii. Alisema ukimya wa shule hii ni ukimya uliokomaa. Akamkabidhi Mkuu kombe lenye umbo la mtoto aliyekunja mikono, akataja alama. Shule ikalipuka kwa shangwe. Wakati huo watoto kumi walikuwa wanaingia nyuma, wamechoka, na Editha anamtafuta mtu wa kumwambia jambo. Kila mtu aliyeshikwa mkono naye alimwinua mikono apige makofi.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kule kitaluni, walipokuwa wanaonyeshwa miche, Tumsifu alisema anakwenda kukaa kivulini kidogo. Walipomfuata ili waondoke, hakuwepo. Kulikuwa na viatu. Vilipangwa sambamba kwenye uzio, soksi zimekunjwa ndani, na ile chupa ya maji imesimama pembeni, haijafunguliwa.

Editha alipopata hatimaye wa kumsikiliza, Mkuu aliombwa atangaze kwamba mtoto amepotea. Alifikiri sana, akasema haitakuwa vizuri kuharibu siku ya watoto. "Na kwa mujibu wa kifungu cha tisa," aliongeza, bila ubaya wowote, "hana tatizo lililoonekana."

Paskazia alikwenda kitaluni kwa miguu na mzee Chitemo na Mwalimu Zefania. Waliita mpaka sauti zikakauka. Mwalimu Zefania, ambaye hakuwahi kukaa dakika tano bila mzaha, alivibeba vile viatu kwa mikono miwili njia nzima ya kurudi. Kituoni afisa wa zamu aliwapokea vizuri, akaandika kwenye kitabu: *Viatu vimepatikana.* Akawapongeza.

Wanakijiji walitafuta wiki mbili, mtoni na porini. Hawakupata kitu. Hakuna aliyeweza kusema amekufa, na hakuna aliyeweza kusema yuko hai.

Wiki ya tatu Mkuu aliwafundisha walimu namna ya kujibu. Mtu akiuliza nani aliwachagua watoto wale, jibu ni: *orodha ilitoka kwenye mfumo*. Wakalirudia mara tatu kwa pamoja.

*

Mama Tumsifu alikuja siku ya Jumamosi. Mkuu, kwa heshima ya msiba ambao haukuwa msiba, alifungua Chumba cha Utulivu, akamkaribisha kwenye kochi. Nailoni ikalia. Kila mama alipojisogeza ililia tena, mpaka akaacha kujisogeza.

"Mama," Mkuu alisema, "tuko pamoja nawe. Nataka tu ujue kwamba, kitaalamu, binti yako yumo katika kundi la wanafunzi watulivu kuliko wote nchini."

"Ahsante, Mwalimu," alisema Mama Tumsifu, kwa kuwa alilelewa kushukuru.

Simu ya Mkuu ikaita. Ilikuwa Wizarani. Akatoka nje kuipokea amesimama wima. Wakabaki wanawake wawili na ile picha ya mtoto anayecheka.

Mama Tumsifu akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mlinzi wenu kanipa. Kaniambia, mama, mimi sijui maana yake, lakini naona ni yako." Akainyoosha juu ya goti. "Mimi sikusoma sana, Mwalimu. Lakini nimewazungukia wazazi wa watoto hawa wote, mmoja mmoja. Huyu kafiwa na babake. Huyu wazazi wameachana. Huyu mama yake anakunywa. Kila nyumba niliyoingia nimekuta jambo. Nikajiuliza, ni nani katika shule hii anajua mambo ya watoto kumi na mmoja, ya ndani kiasi hiki?"

Paskazia alifungua mdomo. Neno *mfumo* lilikuwa tayari ulimini, limefundishwa vizuri. Alilisikia ladha yake.

"Huu mwandiko ni wa nani, Mwalimu?"

"Ni wangu."

Mama Tumsifu alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa kipimo cha nguo alichokuwa amekwisha kukikadiria.

"Alikuwa anakusema vizuri nyumbani," alisema. "Siku nyingine alikuwa anachezea chakula. Jumanne akirudi, alikuwa anakula."

Paskazia hakulia. Alijiona hana haki ya kulia mbele ya mtu yule. Aliinama akatazama sakafu iliyopigwa dawa ya kung'arisha, akajiona humo, nusu.

"Nisamehe, mama."

"Sikuja kwa ajili hiyo. Sijui kama nitaweza, na wewe usiningoje." Akaikunja karatasi. "Nimekuja kuuliza kitu, wewe umesoma. Dada yake tulimzika mwezi wa kwanza, vitu vya matanga bado viko kwangu, majirani wananiuliza. Nikae matanga, au nisikae?"

Paskazia alijua urefu wa mito yote ya Shwarini. Alijua majira ya mvua ya kila kanda.

"Sijui, mama," alisema.

"Haya."

Akasimama. Nailoni ilikuwa imenata kwenye khanga yake. Aliibandua taratibu, kidogo kidogo, kwa kucha za mshonaji, akiangalia asiichane.

*

Jumatatu Paskazia aliiandikia Wizara barua ya kurasa nne. Alieleza kila kitu: stoo, wavu, kalamu, geti, na kwamba orodha aliiandika yeye kwa mkono wake. Aliomba kombe lirudishwe na yeye achukuliwe hatua. Akaambatanisha nakala ya orodha, aliyoiandika upya kwa mkono wake, kama ushahidi dhidi yake.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, kwenye bahasha nzuri. Wizara ilimpongeza kwa ubunifu. Ilisema hoja zake zimesomwa kwa makini na zimeonekana kuwa na manufaa kwa taifa. Kwenye toleo jipya la mwongozo, chini ya *Mbinu Bora za Utekelezaji*, orodha yake ilikuwa imechapishwa kama mfano wa kuigwa. Majina ya watoto yalikuwa yamefutwa, ikaachwa herufi ya kwanza ya kila moja, pakaandikwa *jina la mwanafunzi*. Kilichobaki ni kichwa cha habari, herufi hizo na mwandiko wake. Nakala elfu sita zilisambazwa. Sasa hakuna shule Shwarini isiyoujua mkia wa *T* wake.

Mkuu alimletea nakala yake mwenyewe, ameifunga kwa utepe.

"Umeingia kwenye vitabu, Mwalimu," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli kwa fahari.

Stoo aliendelea kuifungua. Jumanne saa saba, Jumatano kwa ajili ya Agnela, kila siku na saa yake. Hakuna aliyekuja. Akikutana nao uwanjani anawauliza, "Hamjambo?" nao wanajibu kwa pamoja, wamenyooka, "Hatujambo kabisa, Madamu!" na wanaachia tabasamu la sentimita sita. Wavu wa voliboli aliumaliza peke yake. Mafundo aliyofunga yeye yanatofautiana na ya Tumsifu. Ya Tumsifu yamekaza zaidi.

Tathmini ya mwaka uliofuata ilipokaribia, Mkuu alimwita tena, karatasi nyeupe, kalamu.

"Wenye mambo, Mwalimu."

"Hakuna mtoto anayeniambia kitu, Mkuu. Siwajui."

"Hakuna hata mmoja?" Uso wa Mkuu uling'aa. "Basi mpango umefanikiwa!"

Paskazia akachukua kalamu. Juu akaandika ZIARA YA MAFUNZO, kwa mwandiko ule ule. Chini akaandika namba moja, na jina lake.

Mkuu alisoma muda mrefu. "Mwalimu, unajiharibia. Huzuni ya mwalimu si kiashiria."

"Iko kwenye orodha, Mkuu."

Na kwa kuwa Shwarini orodha iliyokwisha kuandikwa haifutwi, siku ya tathmini saa mbili kasorobo mzee Chitemo alifungua geti la nyuma. Alisoma jina, akaweka alama, akasema, "Mmoja." Kisha akavua kofia, akaishika mpaka mwalimu alipopotea kwenye kona. Shule ilipata mia kwa mia. Makofi yalipigwa, na kule kitaluni, upepo ukiwa upande ule, yalisikika.

Tumsifu Kalinga hajarudi. Darasa lake limeshapanda Kidato cha Nne, na jina lake limepanda nalo. Ni la kumi na saba kwenye daftari la mahudhurio. Mwongozo hauna alama ya mtoto ambaye hakufa, hakuhama na hakufukuzwa. Kwa hiyo kila asubuhi mwalimu wa darasa, mbele ya jina hilo, huandika kile kilichoandikwa siku ile: ziara ya mafunzo.